Kipindi cha tabianchi cha Jumamosi: nusu ya kwanza sikiliza, nusu ya pili endelea na kazi zako

Nianze na wenye haraka. Kipindi kinasikilizika, mtangazaji ana sauti na ana mdomo, na simu za wasikilizaji zinapokelewa bila upendeleo. Lakini kwenye jambo lenyewe ambalo kipindi kilianzishwa kwa ajili yake, watu wanatoka wamevurugika kuliko walivyoingia. Nakipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya akina mama wa mwani, nitawafikia huko mbele.

Jina la redio naliacha. Ni redio ya jamii, inashika vizuri kuanzia Mtwara mjini mpaka huku kwetu, na wenyeji mnaijua. Mtangazaji ni mteja wangu wa mbegu za bamia, sitaki aanze kununua kwa jirani.

Mimi nauza pembejeo Nanguruwe, kwenye barabara ya Mtwara kwenda Newala. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, siku hizi inagawiwa kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kwa hiyo kwangu wanafuata viuatilifu vya maji, spea za mabomba ya kupulizia, mbegu za ufuta na mbaazi, na mazungumzo. Mazungumzo ni bure. Redio ipo juu ya kabati la mbegu, inawaka tangu nafungua mpaka nafunga. Na kwa kuwa watu wanajua nimesoma stashahada ya kilimo pale Naliendele, likisemwa jambo redioni wote wanageuka kuniangalia mimi, utadhani ndiye niliyelitangaza.

Kipindi kinaanza saa tatu kamili asubuhi. Mlio wa radi, tangazo la sola, salamu ndefu, utabiri wa hali ya hewa, habari ya wiki, mahojiano, halafu simu na ujumbe. Saa nzima. Matangazo si mengi, nashukuru, ingawa lile la dawa ya asili ya nguvu za kiume sijui linahusiana nini na ukame.

Tuanze na utabiri, maana ndio unaogusa mfuko. Msimu wa kupulizia mikorosho, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, swali la kwanza la mteja wangu si bei. Anauliza: mvua ipo? Ana sababu zake. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, unapenda usiku wa baridi na unyevunyevu, unaingia kwenye maua na machipukizi machanga, na tawi likishashikwa usitegemee kitu hapo. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, upepo umetulia, umande bado uko kwenye majani ili unga ushike. Mvua ikija nyuma yake, hata ya dakika chache, unga wote uko chini na kijana wa bomba umeshamlipa.

Sasa sikiliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, wanaandika kwa uangalifu. Ukifungua taarifa yao ya kila siku ukatafuta Lindi na Mtwara, utakuta maneno ya namna hii: hali ya mawingu kiasi, vipindi vya mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Mtangazaji wetu anaisoma hivi: “Ndugu msikilizaji, leo Mtwara na Lindi ni mvuaaa!” Na honi ya lori inalia nyuma. “Maeneo machache” yameliwa. “Nyepesi” imeliwa. Jua nalo limeliwa. Kutoka Kilwa mpaka Nanyumbu ni nchi nzima hiyo. Mvua inaweza kulowesha Mikindani na Kitangari wakalala na vumbi lao.

Kuna babu mmoja wa upande wa Nanyamba, mteja wangu wa siku nyingi. Aliahirisha kupulizia kwa sababu ya hiyo “leo ni mvua”. Jua likawaka mpaka magharibi. Kesho yake akaja dukani, hata shikamoo yangu akaiitikia nusu.

“Binti, hao watu wako wa hali ya hewa waongo.”

Nikamfungulia taarifa ya jana kwenye simu, nikamsomea pole pole. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kidevu.

“Hapo umesema maeneo machache?”

“Ndivyo walivyoandika, babu.”

“Redioni hawakusema machache.”

“Hawakusema.”

Akachukua plagi ya bomba aliyoijia, akalipa, akasema, “Basi mwongo ni mmoja tu.” Akaondoka.

Hayo ya mvua ya siku moja ni madogo. Tahadhari ndiyo kubwa. TMA wana ngazi tatu, na mtu yeyote akielekezwa mara moja anazishika: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Njano, chungwa, nyekundu. Na chini yake wanaweka mambo mawili mbali mbali: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari iwapo itatokea. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa na uwezekano mdogo lakini likija linabeba nyumba. Redioni ngazi zote tatu zinaitwa tahadhari, na zote zinasomwa kwa sauti ile ile ya kutangaza msiba. Mara nyingi ninapoisikia, taarifa yenyewe ni angalizo la upepo na mawimbi, la kumwambia mwenye ngalawa awe macho.

Kusini jambo hili lina historia, na kipindi hakijawahi kuigusa vizuri. Aprili 2019, kimbunga Idai alikuwa ametoka kuivunja Beira, Msumbiji, mwezi uliotangulia, watu wamejaa picha za maiti kwenye simu. Likaja jina la Kenneth. Mtwara shule zikafungwa, wakazi wa pwani na mabondeni wakaambiwa wahamie maeneo ya juu. Mama yangu mdogo anakaa Shangani. Alifunga mlango kwa kamba ya katani, akabeba godoro, Msahafu na kuku wawili. Jioni ya tarehe 25 kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa Cabo Delgado, upepo wa kilomita 220 kwa saa hivi, kikaua watu zaidi ya 40 Msumbiji na kukifumua kisiwa cha Ibo. Sisi tukapata upepo na manyunyu.

Watu wakarudi majumbani wanacheka. Tangu siku hiyo, kila ukitaja tahadhari, atatokea mmoja: “Kama ile ya Kenneth?” Mama mdogo mwenyewe anasema alihamishwa na kimbunga cha kwenye karatasi. Nikimwambia Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, ambao kwetu ni wajomba na mashangazi, wao kiliwafika, ananyamaza, halafu anasema, “Lakini walisema kinakuja hapa.”

Na hapo ana haki. Kilichomfikia yeye redioni kilikuwa “kinapiga Mtwara kesho”. Njia ya kimbunga ni makadirio. Kikipinda kidogo baharini, mji mmoja unapona na mwingine unaangamia. Mtu angeambiwa hivyo, kwamba sisi tumo ndani ya eneo linaloweza kupigwa, tunahama kwa sababu hatari ni kubwa ingawa si hakika, angerudi nyumbani akasema alhamdulillah, tumepona. Aliambiwa kwa hakika, akarudi akasema nimedanganywa. Mei 2024 alipokuja Hidaya nilisikia vicheko vile vile hapa kwenye benchi la duka. Hidaya alipoteza nguvu alipofika pwani, ni kweli, lakini mvua yake iliikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, na mzigo wangu wa spea ukakaa ndani ya lori upande wa pili huku wateja wananilaumu mimi.

Kipindi kilichofuata mtangazaji akasema kimbunga kama hiki hakijawahi kuonekana pwani yetu tangu dunia iumbwe. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee kutoka Lindi: “Kijana, mwaka 1952 ulikuwa wapi?” Nilicheka peke yangu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani hii hii na kuua watu, wazee wa Lindi wanakizungumza mpaka leo. Mtangazaji akaona aibu, akakata mada. Na hapo ndipo alipoharibu mara ya pili, kwa sababu msikilizaji alibaki na hesabu rahisi: kama vilikuwepo tangu zamani, basi hayo mabadiliko ni maneno. Wakati wanaochunguza hawasemi kwamba zamani hapakuwa na vimbunga. Wanasema bahari yenye joto zaidi inakipa kimbunga chakula zaidi, kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi kwa hiyo mvua inayoshuka nacho ni nzito zaidi, na kwamba sehemu ya vile vikali kati ya vyote inatarajiwa kuongezeka. Dakika moja na nusu inatosha kuyasema hayo. Tangazo la sola ni refu kuliko hapo.

Sasa mjadala. Hiki ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

Mada iliyotangazwa wiki nzima: “Mabadiliko ya tabianchi, kweli au hadithi za wakubwa?” Wageni wawili. Mmoja ofisa kilimo, mtu makini, anaongea taratibu. Mwingine mzee wa mjini anayejulikana kwa kubishana kila jambo kuanzia Yanga mpaka bei ya pweza. Kila mmoja akapewa dakika zile zile, maji ya chupa yale yale nadhani, halafu wasikilizaji wakaambiwa watume ujumbe: andika A kama unaamini, B kama huamini, C kama ni mipango ya Mungu.

Ofisa akaulizwa, je, mvua iliyonyesha Julai mwaka ule ikaharibu maua ya mikorosho ililetwa na mabadiliko ya tabianchi? Akajibu kisomi, kwamba tukio moja peke yake ni vigumu kulihusisha moja kwa moja, inahitaji uchunguzi. Jibu sahihi kabisa. Mzee akadaka: “Mmesikia? Hata yeye hana uhakika!” Kelele studio. Dukani kwangu watu wakapiga makofi.

Hana uhakika na nini? Na ile mvua ya Julai. Hilo moja. Lakini mtangazaji aliliacha lisambae mpaka lifunike kila kitu, kana kwamba ofisa amekiri kuwa dunia yenyewe hajui kama ina joto. Angemuuliza maswali mengine angepata majibu yasiyo na “huenda”. Je, dunia imepata joto? Imepata. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021 ilisema nyuzi joto 1.1 hivi juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda, na ikasema haina shaka kwamba binadamu ndiye aliyeipasha joto hewa, bahari na nchi kavu. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, wa kwanza kuvuka 1.5, kwa hesabu ya shirika la hali ya hewa la dunia. Kwa nini? Hewa ya ukaa kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420, na inatokana hasa na kuchoma makaa, mafuta na gesi, pamoja na kukata misitu. Haya hayapigiwi kura.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa la kipindi ni moja tu, nalo linajirudia kila wiki kwa sura tofauti: jambo lenye mashaka wanalitangaza kama hukumu, jambo lililokwisha thibitika wanaliweka mezani liamuliwe na vocha.

Si ugonjwa wa hapa peke yetu. Marekani walianza zamani. Ndugu wawili, Maxwell na Jules Boykoff, walitoa utafiti wao mwaka 2004 baada ya kupitia magazeti manne makubwa ya kule kwa miaka ya 1988 mpaka 2002, wakakuta zaidi ya nusu ya habari walizochambua zinawapa wanasayansi na wanaowapinga uzito ulio sawa, wakati ndani ya fani yenyewe ubishi haukuwa wa nusu kwa nusu hata kidogo. Mwaka 2013 kundi jingine lilipitia maelfu ya makala za kitaalamu. Kati ya zilizosema lolote kuhusu chanzo, asilimia 97 zilikubali kwamba ni binadamu. Msomaji wa gazeti asingejua. Kwake ilikuwa ngoma droo. Na kule kulikuwa na kampuni za mafuta zenye fedha za kuwalipa watu wa kutia shaka. Hapa Mtwara hakuna aliyelipwa chochote, yule mzee alikuja kwa bodaboda yake. Ubishi tumeuagiza bure.

BBC waliopigiwa sana kelele kwa mchezo huo waliwaandikia watu wao mwaka 2018 kwamba ili uonekane hupendelei upande si lazima umlete anayekana, sawa na ambavyo usingemleta mtu wa kukana kwamba Manchester United ilishinda mbili bila Jumamosi iliyopita. Refa ameshaamua. Mtangazaji wetu ni shabiki wa kufa wa mpira, nilimwambia hilo alipokuja kununua bamia. Akasema, “Dada, lakini bila ubishi simu hazipigwi.” Angalau alisema ukweli.

Na ile herufi C. Mimi naswali, na naamini hakuna jani linaloanguka bila Yeye kujua. Lakini nani aliuliza kama Mungu yupo? Swali lilikuwa moshi unafanya nini angani. Mtu anayeamini mvua ni ya Mungu bado anapulizia salfa, bado anachimba mtaro. Ukiweka imani kama jibu mojawapo la mtihani, unamlazimisha muumini kuikataa sayansi ambayo hakuwa na ugomvi nayo. Wengi wakatuma C, mtangazaji akasoma matokeo kwa furaha, ofisa wa watu akavaa kofia akaondoka.

Huku kwetu, kwa ninavyowasikia, tatizo si watu wanaokana. Afrobarometer, watafiti wa maoni ya wananchi, walipouliza katika nchi 34 za Afrika, ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha asilimia 58 tu ndio waliokuwa wamewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Wengine hawajalikana, hawajalisikia. Yule babu wa Nanyamba hajawahi kubishia kitu. Anakuonyesha kwa kidole mti ambao zamani ukianza kutoa maua alijua mvua za kupandia ziko karibu, na anakwambia siku hizi mti unamdanganya. Ameliona jambo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia linatoka wapi, na hiyo ndiyo kazi ambayo kipindi kinalipwa kufanya.

Nafasi zinapotea bure. Jumamosi moja kijana wa Msimbati alipiga simu akasema mitambo ya gesi ya Mnazi Bay ndiyo inayofukuza mvua. Studio walicheka, wakaweka wimbo. Jamani, kilikuwa kipindi kizima hicho! Mwambie hapana, visima vya Msimbati haviwezi kuizuia mvua ya Nanguruwe. Halafu mwambie na upande wa pili, kwamba gesi ikichomwa inatoa hewa ya ukaa, pungufu kuliko makaa ya mawe lakini inatoa, na hewa hiyo haikai Msimbati, inachanganyika na ya dunia nzima. Ndiyo maana moshi wa Marekani na wa China unafika kwenye shamba la mtu wa Mahuta, na bara zima la Afrika mchango wake hauzidi asilimia nne hivi ya hewa hiyo kwa mwaka. Yule kijana hakuwa mjinga. Anatoka mahali ambapo watu waliahidiwa mengi kuhusu gesi, mwaka 2013 mji wa Mtwara ukawaka kwa ghasia za kupinga bomba la gesi, bomba likaenda Dar. Akisikia wataalamu wanasema jambo, anaanza kwa kutoamini. Ukimcheka hewani umemthibitishia.

Kuna na upande mwingine wa shilingi ambao watu hawausemi. Redio ikishajifunza neno, kila kitu kinakuwa tabianchi. Hapa jirani na duka kuna kalavati lililojaa chupa na mifuko ya sandarusi. Mvua ya Januari maji yakapanda barabarani, yakaingia kwa fundi cherehani, yakalowesha vitambaa vya watu vya harusi. Ripota akaja, akasimama na gambuti zake mpya, akasema athari za mabadiliko ya tabianchi zimebisha hodi Nanguruwe. Kalavati lipo nyuma yake, nusu mita! Fundi anamwonyesha kwa mkasi, yeye anaendelea na kinasa sauti. Wahusika wa kuzibua hawakuulizwa hata swali moja, na kwa nini waulizwe, mkosaji ameshapatikana, anaishi Ulaya.

Sasa mazuri, maana yapo.

Kipindi cha akina mama wa mwani kilikuwa kazi safi, na kama wana rekodi nawaomba wakirudie. Hakikufanyika studio. Ripota mwingine, binti, alishuka pwani wakati wa bamvua maji yamekupwa, akatembea nao mpaka kwenye kamba. Unasikia maji yanavyolia miguuni. Mama mmoja anamwambia, gusa. Binti anasema, ya moto mama. Mama anacheka: “Hayo ya moto ndiyo yanayoniua.” Akaeleza kwamba zamani walipanda aina mbili, ile nene yenye bei nzuri wanayoiita kotoni, na ile nyembamba ya bei ya chini. Ile nene ikaanza kuwa nyeupe kwenye ncha, laini, inakatika kwenye kamba yenyewe, mpaka wakaiacha. Wakabaki na nyembamba inayovumilia, na fedha yake ni ya sabuni tu.

Baada ya hapo ndipo akaja mtaalamu wa bahari kwa simu, akapewa dakika zake bila mbishi wa pembeni. Akasema bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto lote la ziada ambalo dunia imelipata, kwamba mwani ukizidiwa na joto unadhoofika na vijidudu vinaingia, na kwamba kina kirefu kidogo kinasaidia lakini kinadai chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wengi wa akina mama hawa hawana. Alipoulizwa kama mwakani hali itakuwa mbaya zaidi, akasema hilo la mwaka mmoja hawezi kuliahidi, bali mwelekeo wa miaka anaujua. Hakuna aliyepiga kelele “hana uhakika”. Dukani palikuwa kimya, hata wale wa makofi. Mteja mmoja wa Naumbu aliyekuja kununua kamba za manila akasema, “Huyo mama anasema kweli, mke wangu ndiyo hivyo hivyo.”

Muda wa saa moja ule ule, redio ile ile. Kwa hiyo uwezo wanao.

Neno moja kuhusu ile huduma ya ujumbe wa simu wanayoitangaza katikati ya kipindi, ya kampuni nyingine, mnakatwa salio kidogo kidogo kila siku. Msijiunge. Mwezi wa Agosti, vumbi limetanda, mikorosho imejaa maua, walinitumia: “Mkulima, leo mvua. Joto 29. Panda mapema!” Nipande nini Agosti? Mvua zetu za msimu ni Novemba mpaka Aprili, anajua hata mtoto. Kujitoa kulinichosha kuliko kujiunga, na sehemu ya kupiga simu haipokelewi. Taarifa ya TMA ni bure kwenye tovuti na mitandao yao. Kama huna simu ya intaneti mtafute mwenye nayo akusomee mpaka nukta ya mwisho.

Kwa hiyo tumia hivi. Saa tatu mpaka tatu na nusu, habari ya wiki na ripoti za nje ya studio, sikiliza, hasa ukisikia ni yule binti. Utabiri usiuchukue kwao, utapoteza salfa. Wakitangaza mjadala na herufi za kutuma, hiyo ni burudani, vocha yako ni bora ikanunue muda wa kumpigia mama. Upande wa Newala na Tandahimba masafa yanakatika katika kuanzia katikati ya kipindi, sijui kwa nini, lakini kwa mpangilio wao ulivyo hamkosi kikubwa. Na mwandaaji kama unasoma: Jumamosi ni siku ya gulio, nusu ya wakulima unaowataka wako njiani na mizigo kichwani. Peleka Alhamisi jioni.